Herufi Zenye Viatu

Jumatatu, 4 Machi

Kikao cha asubuhi. Bosi ameingia na rundo la karatasi, akazitandaza mezani kama mchuuzi wa mitumba. Zilikuwa barua pepe zetu wenyewe, amezichapisha zote. Akatuambia tuziangalie. Tukaziangalia. Akauliza kama hizi ni barua za kampuni moja ya magodoro au za mtaa mzima. Mwandiko huu umelala, ule umesimama, mwingine una mikia, mwingine mnene kama tangazo la mnada. Mteja mmoja kapiga simu kuuliza kama wakurugenzi wamegombana na kugawana kampuni.

Watu wakatazama biskuti.

Mimi nilikuwa nacheka moyoni. Jambo hili nimelisema miaka nenda rudi. Nimelisema kwenye vikao, nimelisema ngazini, nimelisema kwenye sherehe ya kumuaga dereva mpaka dereva mwenyewe akaondoka kabla ya keki. Vijana wanaiita fonti. Mimi naiita sura ya maneno. Huwezi kumwendea mteja na bukta halafu ukadai akuite mheshimiwa.

Bosi akaingia kwenye jambo la pili, ambalo kwake ndilo la kwanza. Ile hoteli mpya mkabala na posta. Vitanda vimeshafika, magodoro bado. Afisa ununuzi wao ni mama mmoja mwenye shada la funguo kiunoni, sote tunamwita Mama Funguo. Simu hapokei. Tulimpelekea bei zetu, akanyamaza. Tukamwandikia tena, akanyamaza tena. Tukimkosa huyu, kasema Bosi, mwaka huu magodoro tutayalalia wenyewe.

Kisha akatoa hukumu, na nakiri mwanamke huyu ana akili ya jemadari. Watu wawili wamwandikie Mama Funguo, kila mtu kwa maneno yake na kwa mwandiko wake. Atakayejibiwa, mwandiko wake utakuwa mwandiko wa kampuni nzima, naye atakuwa Msimamizi wa Mawasiliano. Asiyejibiwa atahamia ghala, maana mzee wa ghala anastaafu mwisho wa mwezi.

Nikanyoosha mkono kabla hajafunga mdomo. Mkono mwingine ulionyooka ulikuwa wa Shemeji.

Shemeji ni mdogo wake mke wangu. Afisa mauzo. Kazi nilimtafutia mimi, kwa kusumbuliwa na dada yake, na tangu hapo sijala mchana kwa raha. Huyu bwana anaandika barua za biashara kwa ule mwandiko wa kujikunjakunja wa kadi za harusi. Ukisoma bei ya godoro lake unahisi unatakiwa uende na zawadi.

Ghala liko ng'ambo ya reli. Halina dirisha. Meza yangu ina dirisha, na nimekaa hapo tangu zama za taipureta. Sitoki.

Jumanne, 5 Machi

Siku nzima kwenye kompyuta. Kazi nyingine zimesubiri, tena zimesubiri kwa adabu.

Nimethibitisha lile nililolijua siku zote. Wanadamu wamegawanyika makundi mawili, na si matajiri na maskini kama tulivyodanganywa vitabuni. Wako wanaoandika kwa herufi zenye viatu na wako wanaoandika kwa herufi peku. Herufi yenye viatu ina kikanyagio kidogo chini ya kila mguu. Inasimama. Inakutazama usoni. Herufi peku ni vijiti vitupu, haina kisigino wala haya. Ndiyo inayokuja na kila kompyuta, ya bure, ya kila mtu, kama upepo. Sheria, mikataba, vitabu vya elimu, vyote viliandikwa kwa viatu. Leo mtu anaomba mkopo wa kujenga kiwanda akiwa peku! Nimeyaandikia magazeti mawili juu ya msiba huu. Hawakuchapisha. Wanaogopa.

Nimezipitia fonti kama mtu anayetafutia binti yake mchumba. Moja nyembamba sana, kama imetoka kulazwa. Nyingine nzito, ya mahakamani. Ukimwandikia mteja atamtafuta wakili kwanza. Moja ilikuwa nzuri kabisa, ila herufi ndogo na herufi kubwa hazielewani, kama mke mkubwa na mke mdogo.

Alasiri nikampata mchumba mwenyewe, fonti yenye viatu. Yuko mtandaoni, kwenye ukurasa wa mchonga herufi mmoja wa nchi za mbali. Bure, ukijaza tu jina lako. Jina lake la kigeni limenishinda ulimi, kwa hiyo nimembatiza Waziri. Viatu vyeusi vimepigwa brashi. Kola imenyooka. Herufi g ina kitambi cha mtu anayelala vizuri. M kasimama miguu pande kama mlinzi wa benki. Nikampakua, nikamweka kwenye kompyuta yangu, nikaandika jina langu mstari hadi mstari. Sikuwahi kujua kwamba nina jina zuri kiasi hiki.

Kasoro moja tu, herufi z. Sijui mchongaji alikuwa amechoka au kagombana na mkewe. Z ya Waziri imepinda kama kiti cha kukunja kilichokaliwa na mtu mnene. Si neno. Nitaikwepa. Baadaye nikatambua kwamba jina nililompa lina herufi hiyo hiyo. Silibadilishi. Waziri hajiandiki, huandikiwa.

Jioni nimechapisha ukurasa mmoja nikampelekea mke wangu jikoni. Akafuta mikono, akausoma, akasema umefanana na ile ilani mwenye nyumba aliyotubandikia mlangoni mwaka ule. Nikamkumbusha kwamba ile ilani tuliitii siku hiyo hiyo.

Akarudi kwenye sufuria yake. Nimekula kwa hamu.

Jumatano, 6 Machi

Kukwepa z ni kazi ya mashujaa.

Sikujua kwamba lugha yetu imeshikiliwa na z kama nyumba inavyoshikiliwa na misumari. Nilianza na maneno ya kawaida, kwamba tunauza magodoro. Z. Nikataka kusema yanaleta usingizi mzuri. Z mbili, zimekaa pamoja kama viti vya msibani. Nikajaribu kutaja punguzo la bei, maana ndiyo desturi yetu, kila barua ya mteja mkubwa huanza na punguzo. Z katikati kabisa, imeharibu mstari mzima. Nikalifuta punguzo. Waziri hawezi kuaibishwa kwa sababu ya senti.

Kwa upande mwingine, neno godoro. Neno hili limeumbwa kwa ajili ya Waziri. Ile g inatangulia na kitambi chake, halafu zile o zinafuata kama magurudumu ya gari la serikali. Nimelitumia kila nilipopata nafasi. Na pale ambapo g haikuwepo, nimetafuta neno jingine lenye g.

Mimi kwa kawaida nikimwandikia mteja sipungui kurasa tatu, na humo kuna historia ya usingizi, hoja, na majibu kwa wapinzani. Leo, baada ya mapambano ya tangu chai ya asubuhi hadi ya jioni, barua imebaki hivi:

Mheshimiwa Mama,
Kampuni yetu ni ya magodoro. Godoro letu halisifiwi, hulaliwa. Mgeni akigeuka, godoro haligombi. Bei yake unayo, nayo haina ubishi. Gari letu lipo. Ukilitaka godoro, sema.
Ndimi, Karani Mkuu.

Fupi kama risiti. Hoja zangu zote zimefia njiani. Lakini ukiitazama kwenye skrini! G zimejipanga kama wenye mali kwenye karamu. Nimerudisha kiti nyuma hadi ukutani ili niione yote. Mfagiaji akaniuliza kama nimepata habari njema kutoka nyumbani.

Alhamisi, 7 Machi

Nimeituma asubuhi mapema.

Shemeji alikuwa bado anahangaika na yake. Nikapita nyuma ya kiti chake nikijifanya natafuta stapla. Alikuwa ametumia kadi ya harusi yenyewe. Kumbe kaipata kwa rafiki yake anayechapisha mialiko. Rangi ya damu ya mzee. Maua pembeni. Chini kabisa, kwa unyonge, punguzo la mteja mpya.

Hapo nikaona mlango umeachwa wazi. Nikamwekea mkono begani. Nikamwambia, shemeji, mimi na wewe tunashindana lakini hatuchukiani. Hilo punguzo umelificha, mama wa watu atalionaje? Akalikuza. Nikamuuliza kwani ni moja tu. Akaongeza la kununua mengi. Nikamwambia na anayelipa mapema je, hana haki? Akaongeza la kulipa mapema. Nikamshauri yote matatu ayapeleke juu, kabla ya salamu. Nikamwambia pia maua hayajatosha.

Nilikusudia barua yake ionekane kama duka linalofungwa. Nimefaulu. Ilipomalizika ilikuwa inapiga kelele hata spika zikiwa zimezimwa.

Akanishukuru kwa moyo. Akasema siku zote alidhani simpendi. Nikamwambia tusahau hayo, sisi ni damu moja. Akasema si damu shemeji, ni ndoa tu. Huyu hata akishukuru anang'ata.

Ijumaa, 8 Machi

Hakuna jibu.

Nimelifungua sanduku la barua kila nilipovuta pumzi. Zimeingia barua za wauza wino na moja ya mtu anayetaka kunirithisha migodi. Shemeji naye hajajibiwa, na analifungua lake kwa siri, kwa pembe ya jicho, kama mtoto anayechungulia sufuria.

Mchana Bosi kanituma ghala kuchukua sampuli ya vitambaa. Angeweza kumtuma mtu mwingine. Alitaka nikaonje.

Nimeonja. Mlango mkubwa wa bati, giza, magodoro yamepangwa hadi darini, harufu ya sponji mpya inayokaa kooni. Kiti kimoja cha mzee wa ghala, kimefungwa kamba mguuni. Hakuna kompyuta. Nikamuuliza mzee anaandika wapi. Akanionyesha kipande cha chaki na ukuta. Nikamuuliza haoni vibaya kuandika kwa chaki ukutani baada ya utumishi wote huu. Akasema ukuta haujawahi kumuuliza anaandika mwandiko gani.

Nimemsikitikia. Mtu akikaa gizani sana hata uzuri anausahau.

Akanikaribisha nikae kidogo juu ya magodoro nisubiri vitambaa. Nikakaa. Nikajinyoosha kidogo. Nilipoamshwa, ofisi zilikuwa zinafungwa. Kwa vyovyote vile sitahamia huko.

Jumamosi, 9 Machi

Shemeji kaja kula mchana kwetu. Huja kila Jumamosi, hata vita ikiwepo. Mke wangu katuweka meza moja kama mahakimu wawili wa kesi moja.

Tulianza kwa amani. Shemeji akasema mwandiko ni lazima uwe na mapenzi ndani yake, mteja ahisi anakumbatiwa. Nikasema sijawahi kununua saruji kwa kukumbatiwa. Akasema ndiyo maana nyumba yangu haijaisha. Mke wangu akaniongezea mchuzi haraka.

Nikampa hoja ya viatu, kwa ukamilifu, kuanzia wachonga mawe wa kale. Akasikiliza yote, akasema kwa hiyo shemeji, kwa maneno mafupi, wewe unapenda miguu. Mke wangu akapaliwa na chakula.

Halafu mke wangu akauliza swali. Akasema hiyo hoteli si ile mkabala na posta? Tukasema ndiyo. Akasema na huyo mama yumo humo kila siku? Tukasema ndiyo. Akasema basi kwa nini mmoja wenu asivuke barabara akamuulize?

Tukamtazama. Shemeji akanitazama. Kwa mara ya kwanza tangu nimuoe dada yake, tulikuwa upande mmoja. Shemeji akamweleza dada yake kwa upole kwamba biashara haifanywi hivyo. Nikaongeza kwamba ukimwendea mtu kwa miguu hataona mwandiko wako.

Mke wangu akatoa vyombo. Alikuwa anazungumza peke yake jikoni, lakini kwa sauti ya chini, nami sikuona sababu ya kukatiza.

Jumatatu, 11 Machi

Amejibu. Amenijibu MIMI.

Nimeisoma nikiwa nimesimama. Nimeisoma tena nikiwa nimekaa. Inasema: "Nimesoma. Lete godoro moja kesho nililalie. Bei hiyo hiyo. Aje aliyeandika." Basi. Imekuja kwa herufi peku, lakini mtu humsamehe mteja.

Nikatembea kwenda kwa Bosi polepole, kwa njia ya mbali, ipitayo meza ya Shemeji. Bosi akaisoma kwa sauti. Alipofika kwenye bei akarudia. Bei hiyo hiyo. Akavua miwani. Akasema hajawahi kuona mteja mkubwa akinunua bila kupunguziwa hata kidogo, na akaniuliza nilimwambia nini. Nikamwambia si nilichosema, ni nilivyosimama.

Shemeji alikuwa ametufuata. Akalalamika kwamba yeye alitoa mapunguzo matatu na hajajibiwa hata salamu. Bosi akageuka taratibu. Akamuuliza, matatu? Shemeji akasema ndiyo, na kwamba mawili alishauriwa. Akaninyooshea kidole.

Nikakumbuka kwamba godoro la kesho linahitaji kuchaguliwa mapema. Nimeondoka.

Mke wangu kanipikia vizuri leo. Kaniuliza kwa hiyo mdogo wake ndiye anayekwenda ghala. Nikasema sheria ni sheria. Akaniondolea sahani nikiwa bado nakula.

Jumanne, 12 Machi

Siku ya ajabu. Niiandike kwa utaratibu.

Nimevaa suti. Godoro tumelibeba kwa pikapu, mimi na dereva mpya. Hoteli inanukia rangi na vumbi la mbao. Mama Funguo katupokea ghorofa ya kwanza, chumba chenye kitanda kitupu. Mwanamke mfupi, mpana, asiyepoteza neno. Tukaliweka godoro. Akavua kandambili, akalala chali na funguo zake zote, akafumba macho.

Dereva akanitazama. Nikajiuliza kama nimwite mtu. Kumbe amesinzia.

Alipofumbua macho akasema kweli halisifiwi. Akaniambia, baba, kampuni zilizoniandikia ni nyingi, kila moja inanipunguzia kabla sijafungua mdomo. Mwenzenu mmoja kanipunguzia mara tatu kabla hata ya shikamoo. Anayepunguza bei kabla hujaomba, ujue sponji alishaipunguza zamani. Barua yako ndiyo pekee iliyosema bei haina ubishi. Akasema alipoisoma alijiambia, huyu analijua godoro lake.

Nikasubiri afike kwenye mwandiko. Hakufika. Nikakohoa. Nikamuuliza, mama, na sura ya barua uliionaje? Akauliza sura ipi. Nikasema viatu. Akatazama kandambili zake.

Akanipeleka ofisini kwake kuweka saini. Barua yangu ilikuwa mezani, ameichapisha. Nikaiona kutoka mlangoni. Nikashika fremu ya mlango.

Peku. Yote peku! Kila herufi imevuliwa viatu, kama wageni walioingia nyumba yenye zulia jipya. G haina kitambi, kimebaki kikulabu. M ni vijiti tu. Nikamuuliza nani kafanya hivi. Akasema ndivyo ilivyokuja, naye aliipenda kwa kuwa haina mbwembwe. Nikamwambia hapana mama, barua hii ina mbwembwe, mbwembwe zake zimeibiwa. Akamuuliza dereva kama nimekula.

Akaweka saini. Hoteli nzima, bei kamili. Niliikunja ile karatasi nikaitia mfukoni na wala sikuifurahia mpaka tulipofika kwenye taa za barabarani.

Ofisini nikaenda moja kwa moja kwa Shemeji. Nikamwambia najua ni yeye, kwamba ameikamata barua yangu njiani na kuivua viatu. Akaniuliza njiani wapi. Nikasema yeye ndiye anayejua wapi. Akaita watu waje wasikie.

Jumatano, 13 Machi

Bosi kaamua kesi asubuhi, mbele ya wote.

Kaniambia niitume barua ile ile kwenye kompyuta yake. Nikaituma. Tukaizunguka meza yake. Peku. Kaniambia niitume kwa mhasibu. Peku. Tukarudi kwenye kompyuta yangu. Waziri, viatu vinang'aa.

Bosi akanieleza kama anavyomweleza mteja mzee. Kwamba ile miandiko ya kikao cha kwanza ilionekana kwa kuwa kila kompyuta inayo, lakini Waziri nilimpakua, anakaa kwenye kompyuta yangu peke yake. Barua inabeba maneno, mwandiko haiubebi. Ikifika kwa mtu asiye na Waziri, kompyuta yake inayachukua maneno na kuyaandika kwa mwandiko ilio nao, na kila kompyuta huanza na ule peku.

Shemeji alicheka mpaka akashika kabati. Akasema shemeji, ulivaa suti chumbani, ukajitazama kwenye kioo, halafu ukatoka nje na bukta. Ofisi nzima ikacheka. Mfagiaji pia.

Bosi akasubiri anyamaze, kisha akafungua nakala ya barua ya Shemeji. Kadi ya harusi haikuwepo. Peku. Maua yamegeuka viboksi vitupu, na mapunguzo matatu yamesimama juu uchi, kwa herufi kubwa. Shemeji akaliachia kabati.

Kwa hiyo vita yote hii, kasema Bosi, ilikuwa ya peku na peku.

Halafu akaisoma barua yangu tena, taratibu, na akaniuliza kitu kimoja. Kwa nini sikuweka punguzo, wakati desturi yetu ni kuweka? Nilimweleza ukweli, juu ya z na kiti cha kukunja. Akakaa chini. Kisha akaniuliza kama naelewa kwamba hoteli nzima imenunuliwa bei kamili kwa sababu ya herufi moja mbaya ambayo hakuna mtu yeyote duniani angeiona isipokuwa mimi.

Nikasema naelewa kwamba Waziri ameleta hoteli.

Akafumba macho kama Mama Funguo. Alipoyafumbua akasema ahadi ni ahadi. Mimi ni Msimamizi wa Mawasiliano. Shemeji anakwenda ghala. Na kwa kuwa mwandiko uliojibiwa ni ule peku, kuanzia leo barua zote zinazotoka kwenye kampuni hii zitakuwa peku, na mimi ndiye nitakayesimamia. Tangazo nimeliandika mwenyewe. Kwa herufi peku. Kazi ni kazi.

Alhamisi, 14 Machi

Siku yangu ya kwanza ya usimamizi. Jua la asubuhi limeingia dirishani likalala mezani kwangu kama paka. Mhasibu kaniita Bwana Msimamizi, mara mbili, na mara ya pili hakuwa anacheka sana.

Mambo ya ukoo nayo yametengemaa. Shemeji kampigia dada yake kutoka ghala. Anasema kuna ubaridi, kuna kimya, na baada ya chakula cha mchana hakuna anayemtafuta. Mzee wa ghala anamfundisha kupanga. Amesema hajalala hivyo tangu aajiriwe. Mke wangu kaniambia pengine nimemtendea wema. Nikasema ndilo lilikuwa lengo langu tangu mwanzo. Amenirudishia sahani.

Sasa nimepata nafasi ya kulitafakari jambo lote kwa haki, bila hasira, na nimefikia hitimisho.

Watu wanasema nimeshindwa na Waziri ameumbuka. Wanasoma matokeo kichwa chini miguu juu. Tuzipange hoja. Barua iliandikwa kwa Waziri. Barua ilijibiwa. Wengine wote walioandika kwa miandiko mingine hawakujibiwa. Kwamba Mama Funguo hakumwona Waziri si kosa la Waziri. Mgeni wa heshima amefika mlangoni, mwenyeji hana kiti cha kumkalisha, halafu lawama apewe mgeni?

Kwa hiyo nimechukua hatua mbili.

Ya kwanza, nimemwandikia yule mchonga herufi wa nchi za mbali, nikimtaka ainyooshe ile z bila kuchelewa. Barua yangu ina hoja kumi na kiambatisho. Ikishanyooka, nitaweza hatimaye kuandika neno punguzo. Nitaliweka juu kabisa, kwenye kila barua, maana naona ndilo lililokuwa linapungua.

Ya pili ndiyo kubwa. Tangazo la Bosi linasema barua zinazotoka kwetu ziwe peku. Nimelisoma kwa makini, nililiandika mwenyewe. Halisemi lolote kuhusu kompyuta za wateja. Basi kama tatizo ni kwamba Waziri hayumo kwao, dawa si kumfukuza kwangu, dawa ni kumpeleka kwao. Nimenunua flashi. Nimemtia humo. Nitazunguka ofisi kwa ofisi, mteja kwa mteja, niwawekee kwa mikono yangu, bure, kama chanjo. Siku mji mzima ukiwa naye, Bosi mwenyewe ataniomba nilifute lile tangazo.

Nitaanza kesho na Mama Funguo, kwa kuwa ananiamini. Nimemwandikia jioni hii kumpa taarifa, ajiandae. Nimemwandikia kwa Waziri, ili ajionee mwenyewe kinachomjia.